Somo la Furaha na Kopo la Masi

Lori lilikuwa limeshapakiwa zaidi ya nusu wakati Zamzam anatokeza kwenye kona ya Mtaa wa Mchikichi, anahema, viatu mkononi, miguu imejaa tope. Mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri, Jangwani kumejaa maji, magari yamegoma kupita, na yeye alikuwa ameshuka mbali akakata mitaa kwa miguu, akiomba njiani asikute watu wameshaondoka.

Hawakuwa wameondoka. Vijana wawili walikuwa juu wanapanga masanduku ya mbao, na dereva, Sadalla, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alikuwa chini anavuta kamba huku akilalamika. Nyuma ya lori ilisimama teksi, milango wazi, ikisubiri. Mzee Natvarlal alikuwa mlangoni mwa duka lake. Ameshika kufuli kubwa la shaba na hajui alitie mfukoni au amwachie mwenye nyumba.

"Shikamoo, Baba Keyur."

"Marahaba. Umechelewa, mama. Tulisema mafuriko yamekuchukua."

"Yalitaka kunichukua, nikayaambia nina safari."

Mzee akacheka kidogo, kisha akaacha. Nyuma yake duka lilikuwa tupu, rafu zote nyeupe kwa vumbi palipokuwa na makopo. Hilo lilikuwa duka la vifungo. Vifungo, zipu, uzi, sindano za cherehani na chaki za kukatia nguo. Zamani, mafundi walipokuwa wamejipanga kwenye baraza za mtaa huu cherehani kwa cherehani, hakuna shati lililotoka Kariakoo bila kupita kwenye kaunta ya Natvarlal. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Watu wakashangilia, na walikuwa na haki, maana walikuwa wamechoka kupanga foleni ya sabuni na kuvaa viraka. Marobota ya mitumba yakaanza kufunguliwa kila kona. Sasa shati la mitumba linakuja na vifungo vyake. Fundi wa kwanza akahama, wa pili akageuka mtia viraka, baraza zikabaki za wauza saa na redio za Dubai. Natvarlal akavumilia miaka mingi, anauza zipu mojamoja, mpaka mwenye nyumba akasema anavunja, anataka kupandisha ghorofa. Keyur, mtoto wa mzee na mkewe, alikuwa Uingereza siku nyingi, mji wa Lesta, na kila akipiga simu alikuwa anasema njooni. Mwaka huo, 2001, wakasema haya, tunakuja.

"Masi yuko juu?" Zamzam aliuliza.

"Yuko juu anakunja vitu ambavyo vimeshakunjwa. Nenda."

Masi ni Jaya, mke wa Natvarlal. Kwa Wagujarati, masi ni dada wa mama, na jina hilo halikuja hivihivi. Sitara, mama yake Zamzam, alitoka Mchinga akiwa na mtoto mgongoni, akaanza kuuza vitumbua asubuhi mbele ya duka. Jaya akamsikia anavyoongea, akashuka ngazi mbio.

"Wewe wa wapi?"

"Mchinga."

"Mchinga ya Lindi? Mimi nimezaliwa Lindi mjini! Nimekulia kwenye harufu ya samaki nisiowala!"

Jioni ile Sitara akapewa chumba cha uani, na tangu hapo wakaitana dada. Kwa hiyo mtoto wa Sitara akamwita Jaya masi, kama walivyokuwa wakiita watoto wa dada zake wa damu. Zamzam alikua kati ya uani na ghorofani. Mama akienda kununua mchele wa vitumbua, yeye alibaki dukani anachambua vifungo, vya matundu mawili kopo hili, vya matundu manne kopo lile. Hivyo ndivyo alivyojifunza kujumlisha. Jioni alikula kwa Masi chapati nyembamba na dengu. Alipofaulu kwenda sekondari, Masi alimshonea sketi mwenyewe, akaiachia pindo pana, na kila Januari akalishusha. Pindo la zamani likaacha mstari, na mistari ikaongezeka, wenzake shuleni wakawa wanamwita zebra. Zebra huyo akafika chuo kikuu.

Na huko chuo kikuu ndiko kulikotoka balaa la siku hiyo.

Walikuwa na mwalimu mpya, Dakta Candida, mama wa Songea aliyekuwa ametoka kusoma nje, mwembamba, mcheshi, anatembea darasani kama anacheza. Alikuja na somo ambalo wanafunzi hawakuwahi kulisikia. Alisema wanasaikolojia wametumia miaka mingi kuchunguza kinachomvunja mtu, huzuni, hofu, wazimu, na sasa baadhi yao wanauliza swali la upande wa pili: kinachomfanya mtu aishi vizuri ni nini? Kwa nini huyu ameridhika na maisha na yule hajaridhika, na hali zao ni moja? Akasema jambo hilo linaweza kupimwa, linaweza kuchunguzwa kama malaria inavyochunguzwa. Wanafunzi wakaliita somo la furaha. Wa kozi nyingine waliwacheka, wakauliza mtihani wake ni wa kuchekeshana au vipi. Lakini Zamzam alilipenda. Alikuwa akikaa mbele. Alipokuwa anasikiliza alikuwa anaiona Kariakoo, Masi na mama yake wamekaa kwenye ngazi za uani wanachambua mchele na kucheka mpaka wanashikilia ukuta, mwaka ule ambao hata sukari hakuna, na alitaka sana kujua walikuwa wanacheka nini.

Katikati ya muhula Dakta akawapa zoezi.

"Kila mmoja amtafute mtu aliyemtendea wema mkubwa, ambaye hajawahi kumshukuru sawasawa. Uende kwake. Ukae naye uso kwa uso. Umwambie kwa kirefu, jambo kwa jambo, alifanya nini na limekufikisha wapi. Msiharakishe. Jipime furaha yako kabla hujaenda, ujipime ukirudi. Waliofanya hivi wenzetu waligundua kwamba wote wawili, anayeshukuru na anayeshukuriwa, furaha inapanda."

Khalfani, mtoto wa Gerezani, mpenda utani, akanyoosha mkono. "Dakta, kwetu mtu akikushukuru sana unamuuliza moja kwa moja: haya, sema shida yako."

Darasa likaangua kicheko. Dakta akacheka nao. "Basi wewe Khalfani mwambie kabisa kwamba huna shida. Na wengine muwe rasmi kidogo. Mkitaja jina la mtu kamili, anajua leo si mazungumzo ya kawaida."

Zamzam hakuhitaji kufikiri amchague nani. Alijua Masi anaondoka, na alijua haendi kutembea. Jaya alikuwa mtu mzima, moyo wake ulikuwa unamsumbua, na Lesta si Morogoro useme utamfuata Jumapili. Kwa Zamzam hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya kumwambia. Usiku alilala anapanga maneno. Asubuhi aliyasema mbele ya kioo cha bwenini mpaka mwenzake akamuuliza kama anaenda kutoa posa.

Alipanda ngazi. Chumba kilikuwa kinarudisha sauti, hakina pazia, hakina kitanda. Jaya alikuwa amekaa juu ya begi anakunja sari iliyokuwa imeshakunjwa.

"Zebra wangu," alisema. "Njoo. Umekula?"

Zamzam hakujibu kama alikuwa amekula. Alikaa mbele yake sakafuni, akanyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya magoti.

"Bibi Jaya Natvarlal," alisema.

Jaya akatazama mlangoni kuona nani ameingia.

"Nimekuja kukushukuru. Kuna mambo ulinitendea ambayo sikuwahi kukushukuru. Nashukuru kwa chakula ulichonipa kila jioni tangu nikiwa mdogo. Nashukuru kwa kunifundisha hesabu kwa vifungo. Nashukuru kwa sketi ulizonishonea, na kwa kila Januari uliyokaa kushusha pindo ili nisikose shule. Bila wewe nisingefika nilipofika. Wema wako sitausahau."

Kulikuwa na mengine. Aliyasema yote, hakuruka hata moja, anamtazama machoni kama alivyofundishwa. Na kadiri alivyokuwa anasema ndivyo aliona uso wa Jaya unavyobadilika, lakini si kama Dakta alivyoeleza. Mikono iliacha kukunja. Midomo ilibana. Mwishoni alikuwa anamtazama Zamzam kama mtu anayemtazama karani wa benki.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Asante na wewe," alisema Jaya. "Karibu tena."

Akainuka, akachukua sari yake, akashuka ngazi.

Karibu tena. Zamzam aliyasikia maneno hayo maisha yake yote, lakini hayakuwahi kusemwa kwake. Yalikuwa ya wateja. Mtu akishanunua kifungo chake, akishapewa chenji, anaambiwa karibu tena. Alibaki amekaa sakafuni na masikio yanamwaka. Angejipima saa hiyo, angejikuta chini kuliko wakati anapanda ngazi.

Uani alimkuta mama yake anazima jiko. Sitara alikuwa ameamka mapema kuwachomea wasafiri vitumbua, sasa anavifunga kwenye karatasi, mafuta yanapenya.

"Umemfanya nini mwenzangu? Amepita hapa hata hanioni."

"Nimemshukuru."

"Umemshukuru nini?"

"Kila kitu, mama. Ni zoezi la chuo. Unamshukuru mtu mnakaa uso kwa uso, mnafurahi."

Sitara alimtazama binti yake, kisha akaanza kucheka, mabega yanatikisika. "Ehee. Na mimi nimo kwenye foleni? Niambie mapema basi, nikaoge, nivae doti mpya."

"Mama, sitanii. Amenikasirikia. Ameniambia karibu tena."

Sitara akaacha kucheka. Aliweka furushi chini.

"Jaya amekuambia karibu tena? Wewe?"

"Mimi."

"Basi umemkata sana, mwanangu. Mimi na Jaya tumeishi hapa tangu enzi za foleni, hajaniambia asante hata siku moja, na mimi sijamwambia. Chumvi ikiniishia napanda nachukua. Yeye akitamani kitumbua anashuka anabeba sahani nzima, wateja wangu wanakodoa macho. Sasa leo anaondoka, na wewe unamwendea na maneno ya risala, Bibi nani sijui. Umemfungia hesabu. Kwamba kilichokuwepo kimelipwa, kimekwisha, kwaheri."

Nje Sadalla aliwasha lori. Ngurumo yake ikatikisa mabati ya uani.

Hapo ndipo Zamzam alipokumbuka jambo alilolisahau kabisa. Alikuwa darasa la kwanza. Mwalimu aliwafundisha kusema asante kwa kila kitu, na siku hiyo jioni Masi alipomwekea chapati, naye akasema kwa sauti ya darasani, "Asante, Masi." Jaya akaiondoa ile chapati mezani. Akasema, "Asante ni ya watu wa dukani. Huku ndani sema ongeza." Mtoto akaitazama chapati. "Sema." "Ongeza." Akawekewa mbili. Tangu siku ile, hata kama ameshiba, alikuwa anasema ongeza, na Masi alikuwa anafurahi kama amepewa zawadi.

Alitoka mbio. Viatu alivisahau uani.

Jaya alikuwa ameshaingia kwenye teksi, amekaa nyuma, anatazama mbele. Natvarlal alikuwa anaagana na wauza saa wa barazani. Masanduku yote yalikuwa juu, kamba imekazwa, na Sadalla amekaa kwenye usukani, mkono umening'inia dirishani.

Zamzam aliegemea dirisha la teksi.

"Masi, kopo la viungo liko wapi?"

Jaya hakugeuka. "Kopo gani?"

"Lile la mviringo. Lenye vikombe saba ndani. La bizari."

"Liko kwenye sanduku. Kwa nini?"

"Nalitaka."

Sasa aligeuka. "Unalitaka vipi?"

"Nalitaka liwe langu. Usiende nalo."

Dereva wa teksi aliinua macho kwenye kioo.

"Wewe mtoto una akili?" Jaya alisema. "Hilo kopo alinipa mama yangu Lindi nilipoolewa! Mimi huko nitapikia nini?"

"Keyur atakununulia jingine. Lesta wamejaa Wahindi, utakosa kopo?"

"Na sanduku limepigiliwa misumari!"

"Si itang'olewa?"

Jaya alimkazia macho, muda mrefu, na Zamzam hakushusha yake. Kisha yule mama akafungua mlango wa teksi akatoka na mguu wa kwanza kwenye dimbwi, wala hakulijali.

"Sadalla! Zima gari! Teremsha masanduku!"

"Nini?" Sadalla alitoa kichwa. "Mama, tafadhali, bandarini wananisubiri!"

"Jaya," alisema Natvarlal, "Jaya, nini sasa?"

"Huyu mroho anataka kopo langu la viungo."

"Tutampelekea! Tutalituma kwa posta!"

"Analitaka leo."

"Mama, sanduku la jikoni liko chini kabisa, chini ya cherehani," Sadalla alisema, karibu kulia. "Nilianza kupakia nalo."

"Basi ndilo utakalomalizia. Teremsha."

Wakateremsha. Watu wakajaa, maana Kariakoo ukisimama kutazama kitu, wenzako kumi wanasimama kukutazama wewe. Machinga mmoja mwenye soksi begani alitangaza kwamba Wahindi wamesahau pasipoti. Mwingine akasema hapana, ni dhahabu. Mkokoteni wa viazi ukakwama nyuma ya teksi, mwenyewe akapiga kelele, kisha naye akaja kutazama. Sanduku la jikoni lilipofika chini, Jaya alisimama juu ya kichwa cha kijana aliyeshika nyundo, anamwambia taratibu, usivunje, wewe taratibu. Mfuniko ukatoka. Akachakura kwenye majani makavu akiwa ameinama, sari imekunjwa magotini, akaibuka na kopo.

"Ni kopo?" machinga wa soksi aliuliza, amevunjika moyo.

"Ni kopo," alisema Natvarlal.

Lilikuwa kopo la bati la mviringo, limebonyea upande mmoja. Jaya alilifungua kidogo, harufu ya bizari nyembamba na uwatu ikatoka, akalifunga.

"Na viungo vyake au tupu?"

"Na viungo vyake."

"Na kijiko chake?"

"Na kijiko chake."

Akampa. Aliendelea kulishika upande wa pili. "Na nini tena?"

Zamzam naye hakuliachia.

"Ongeza," alisema.

Jaya alicheka. Alicheka kama zamani, mpaka akashika bodi ya lori, na machozi yakawa yanashuka humohumo ndani ya kicheko. Akamkamata Zamzam kichwa kwa mikono miwili, akamtikisa. Halafu akanyoosha kiganja.

"Na mimi nipe mtandio wako."

"Huu?"

"Huo. Kule kuna baridi. Nipe."

"Masi, nitatembeaje kichwa wazi?"

"Utajua mwenyewe. Nipe, usinicheleweshe, watu wana safari."

Zamzam akauvua. Jaya akajifunga palepale, mtandio wa kijani juu ya sari nyekundu, haviendani hata kidogo, akarudi kwenye teksi. Sitara alikuwa ametoka na furushi la vitumbua. Hakusema kwaheri. Alilipitisha dirishani akamwambia, "Usimpe Natu wako vyote, sukari itampanda," na Jaya akajibu, "Nitakula mwenyewe, unanijua." Sitara akachukua ncha ya kanga yake akamfunika binti yake kichwa. Wakasimama hivyo, wamefungwa kanga moja, wakati Sadalla anapigilia misumari upya na kuapa kwamba hatabeba tena mizigo ya ukoo huu. Kisha lori likaenda, na teksi ikaenda nyuma yake.

Zamzam aliandika yote kwenye ripoti ya zoezi, pamoja na kushuka kwa furaha baada ya kushukuru na kupanda kwake baada ya kuomba. Dakta Candida alimpa alama za katikati. Alisema kisa ni kizuri sana lakini utaratibu umekosewa, alipaswa ajipime kabla hajaomba kopo. Khalfani alimshukuru mjomba wake wa Gerezani, na mjomba akamuuliza shida yake nini.

Jaya aliishi Lesta miaka sita, akafa kwa ule ugonjwa wake wa moyo. Kila akipiga simu alikuwa anaomba kitu: kanga, ukwaju, picha ya mtaa, na kila mara alitumiwa. Natvarlal aliishi zaidi yake, akawa anauza vifungo siku za Jumamosi kwenye gulio la huko, kwa kupenda tu. Keyur hajarudi Dar. Nyumba ya Mtaa wa Mchikichi ilivunjwa mwaka uliofuata, sasa ni ghorofa, chini wanauza simu. Sitara alihamia Mbagala, akaacha vitumbua magoti yalipokataa, bado yuko hai. Sadalla aliuza lori akafungua duka la vipuri. Khalfani anafanya kazi serikalini Dodoma. Dakta Candida alistaafu akarudi Songea, na zoezi lake lilibaki kwenye somo, kwa maneno yaleyale. Zamzam anafundisha saikolojia katika chuo kidogo cha ualimu. Ana watoto wawili. Kopo liko jikoni kwake, bizari iko kwenye kikombe kilekile, na kijiko kilipotea wakati wa kuhama.